Chumba cha Mzee, Ufunguo wa Mzee: Hatua 12 za Kuandaa Makazi Saidizi Katika Nyumba ya Vyumba Sita

Mwongozo huu ni wa familia yenye mzee anayejimudu kwa sehemu, anayetaka kuendelea kuishi kwake, ilhali watu wake hawalali kwa wasiwasi. Umeandikwa kwa nyumba ya kawaida ya pwani: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, na uani kuna jiko, bafu na choo. Kwa nyumba ya aina nyingine hatua ni zilezile, lakini pima upya kila kitu.

Soma hatua zote 12 kabla ya kununua hata msumari mmoja. Kisha zifuate kwa mpangilio. Kila hatua ina ukaguzi. Hatua isiyopita ukaguzi wake haijaisha, na inayofuata isianze.

Maneno matano yatajirudia, kila moja kwa maana moja tu:

Makazi saidizi ni chumba ambacho mzee anaishi kwa uamuzi wake na ufunguo wake, na msaada unamfikia kwa kiasi kilichoandikwa na kukubaliwa, bila kuzidi hapo.

Mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi, kama ilivyosema Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003. Sera hiyo iliweka malezi ya familia na jamii mbele, na makazi ya wazee ya Serikali yakabaki kuwa kimbilio la mwisho.

Msaidizi ni mtu mmoja anayejulikana kwa jina, anayelala katika nyumba hiyohiyo au nyumba inayopakana nayo.

Njia kuu ni mapito ya mzee kutoka kitandani hadi chooni.

Daftari ni kitabu kimoja cha mistari kinachokaa chumbani kwa mzee. Vipimo na makubaliano yote yanaandikwa humo, yakiwa na tarehe.

Andaa vifaa hivi: tepu ya kupimia ya mita 5, pima maji, chaki, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, daftari na kalamu. Vifaa vya ujenzi vitatajwa katika hatua zake.

Hatua ya 1. Muulize mzee, kisha andika jibu lake kama alivyolitamka.

Keti naye wakati hana haraka, bila kundi la ndugu. Baada ya shikamoo na habari, uliza maswali matatu: Unataka kuishi wapi? Kazi gani hutaki kunyang'anywa? Kitu gani kinakuogopesha usiku? Usimkatize na usimpe majibu.

Mama mkubwa wangu wa Ngamiani, Tanga, alipoulizwa swali la pili hakutaja kupika wala kufua. Alisema, "Mlango wangu niufunge mwenyewe, mwanangu. Na chai ya asubuhi niichemshe mwenyewe." Nyumba nzima ikapangwa kuanzia pale. Bila swali lile tungemletea chupa ya chai kila alfajiri na kuamini tumemtendea wema.

Ukaguzi: msomee majibu kutoka kwenye daftari. Akisema "ndivyo", endelea. Akisahihisha, andika upya.

Hatua ya 2. Tazama anachoweza kufanya kwa siku 3.

Tazama kwa macho yako, usihoji. Mzee atasema anaweza ili asikusumbue, na ndugu watasema hawezi kwa sababu wamezoea kumfanyia.

Gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina kazi sita za mwili, zilezile ambazo Sidney Katz na wenzake walizipanga mwaka 1963 na ambazo hospitali nyingi zinazitumia hadi leo: kuoga, kuvaa, kutumia choo, kuinuka na kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Sehemu ya pili ina kazi nane za kuendesha maisha, zilizopangwa na Lawton na Brody mwaka 1969: kutumia simu, kununua vitu, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kunywa dawa na kushika fedha.

Mbele ya kila kazi andika herufi moja. P: anafanya peke yake. S: anafanya akisaidiwa sehemu, itaje sehemu hiyo. H: hawezi. Kwa mfano: "Kufua, S: anafua na kuanika, hawezi kukamua shuka."

Kanuni ya mwongozo mzima ni hii: kazi yenye P haiguswi na mtu mwingine, kazi yenye S inasaidiwa katika sehemu iliyotajwa tu. Mguu usiotembezwa hupoteza nguvu, na mkono uliopumzishwa kwa huruma mwezi mzima hautarudi sufuriani kwa urahisi.

Ukaguzi: kazi zote 14 zina herufi, na kila S ina sehemu yake. Kama H zimefika tatu au zaidi katika kazi sita za mwili, simama hapa. Mzee huyo anahitaji mtu wa kuwa naye usiku na mchana. Zungumza na afisa ustawi wa jamii wa kata kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3. Pima mwendo na mwili.

Weka kiti chenye mikono ukutani. Chora mstari wa chaki mita 3 mbele yake. Mzee akae, avae viatu vyake vya kila siku, ashike mkongojo kama anao. Ukisema "twende", anza kuhesabu: ainuke, atembee hadi mstari, ageuke, arudi, akae. Simama kando yake, usimshike. Sekunde 12 au zaidi ni dalili kwamba yuko katika hatari ya kuanguka. Andika sekunde kamili, usikadirie.

Chukua vipimo viwili vya mwili. Kipimo cha goti: akiwa amekaa na nyayo zote zimegusa sakafu, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kipimo cha kifundo: akiwa amesimama wima, mikono imening'inia, pima kutoka sakafuni hadi mkunjo wa kifundo cha mkono. Mkongojo ukatwe kwa kipimo cha kifundo, ukiwa tayari umevalishwa mpira wa chini.

Mpeleke zahanati apimwe shinikizo la damu akiwa amelala kwa dakika 5, kisha akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwambie mganga siku hiyohiyo na mwonyeshe dawa zote anazokunywa. Wazee wengi wanaosemwa "walijikwaa" waliona giza waliposimama.

Ukaguzi: daftari lina sekunde, kipimo cha goti, kipimo cha kifundo na namba za shinikizo la damu.

Hatua ya 4. Teua msaidizi na andika mipaka yake.

Mmoja tu. Watoto watano wakiambiwa "mwangalieni bibi", kila mmoja huamini mwenzake ameshapita. Msaidizi anaweza kuwa mjukuu, au mpangaji wa chumba cha pili anayepunguziwa kodi kwa makubaliano ya maandishi.

Andika katika daftari: jina lake, namba ya simu, saa za kufika, kazi zenye S anazosaidia, na jina la atakayeshika nafasi yake akisafiri. Ongeza sharti hili: anabisha hodi na kusubiri aitikiwe. Mjulishe mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa.

Ukaguzi: mzee na msaidizi wametia saini au dole gumba.

Hatua ya 5. Safisha njia kuu.

Tembea njia kuu mwenyewe, taratibu, ukikokota miguu bila kunyanyua unyayo. Kila kinachokugusa kidole ondoa au tia alama ya chaki: mkeka uliokunjika pembeni, waya wa feni, kinu, dumu, baiskeli ya mpangaji koridoni. Mapito yabaki wazi kwa upana wa sentimita 90. Kila mlango wa njia kuu uache nafasi ya sentimita 80 ukiwa umefunguliwa kabisa. Pima nafasi iliyo wazi, si ubao wa mlango.

Funga taa tatu ndogo za kuchaji kwa sola: moja karibu na kitanda, moja koridoni, moja mlangoni mwa choo. Zisitegemee umeme wa nyumba, kwa maana umeme wa LUKU huisha usiku kama unavyoisha mchana.

Kandambili ziondolewe. Mtafutie viatu vinavyoshika kisigino, vyenye soli nyembamba ya mpira.

Ukaguzi: zima taa zote za nyumba saa 2 usiku. Kutoka kitandani uone sakafu hadi mlangoni, na kutoka mlangoni uone sakafu hadi chooni.

Hatua ya 6. Jenga mteremko mahali pa kizingiti.

Mteremko ni sakafu ya zege inayopanda polepole mahali palipokuwa na kidato. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, urefu uwe sentimita 12. Kizingiti cha ua chenye kimo cha sentimita 14 kinahitaji mteremko wa sentimita 168. Fundi akikuambia mita moja inatosha, mwonyeshe hesabu.

Upana: sentimita 100. Kwa mteremko huo mmoja mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha. Changanya kwa ndoo ileile: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Inua kingo mbili za pembeni kwa sentimita 5 ili mkongojo usiteleze nje. Zege likianza kushika, pitisha ufagio mgumu kukata upana wa mteremko, lipate mikwaruzo. Mwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na katika siku hizo mzee asipite juu yake.

Ukaguzi: mwaga ndoo moja ya maji, kisha tembea juu yake ukiwa peku. Unyayo usiteleze, na maji yasituame.

Hatua ya 7. Rekebisha choo na bafu.

Hapa usibane matumizi. Kama fedha inatosha hatua moja tu ya ujenzi, iwe hii.

Anza na mlango. Toa bawaba, ugeuze mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani ya choo chembamba, mwili wake huziba mlango unaofunguka kwa ndani, na waliokuja kumwokoa hubaki nje wakisukuma. Komeo liwe la kufungulika kutoka nje kwa sarafu au ncha ya kisu.

Tengeneza kiti cha choo. Choo cha kuchuchumaa hakihitaji kuvunjwa. Seremala atengeneze kiti cha mbao ngumu, chenye tundu, kinachosimama juu ya tundu la choo. Kimo cha kukalia ni kipimo cha goti ukiongeza sentimita 2. Mikono ya kiti iwe sentimita 22 juu ya pale pa kukalia. Miguu itanuke kidogo kwa nje na ivalishwe mpira. Paka rangi ya mafuta mara mbili ili mbao isinywe maji.

Funga vishikio. Kishikio ni bomba la chuma la GI la inchi 1, ambalo kwa nje lina unene wa milimita 34 hivi. Kiganja cha mzee kinalizunguka. Usikubali bomba nene zaidi kwa madai kwamba ni imara. Unahitaji vipande viwili vya sentimita 60, kimoja cha choo na kimoja cha bafu. Fundi wa kuchomelea aweke kila ncha kitako cha bati la milimita 5, sentimita 10 kwa 10, chenye matundu manne, na bomba liachane na ukuta kwa sentimita 4. Nafasi ikizidi hapo, mkono wote unaweza kupenya na kuvunjika mtu akianguka.

Mahali pa kishikio panaamuliwa na mzee. Akae kwenye kiti cha choo, anyooshe mkono wenye nguvu kama anayetaka kuinuka, aguse ukuta. Tia chaki hapo. Hapo ndipo katikati ya kishikio, na kisimame wima. Cha bafuni kilale mlalo, sentimita 85 kutoka sakafuni. Tumia pima maji.

Toboa ukuta wa tofali upande hadi upande. Pitisha vyuma vyenye uzi vya milimita 10, na upande wa pili weka bati jingine, washa na nati. Usitumie skrubu. Kishikio cha kwanza cha mama mkubwa kilifungwa kwa skrubu za sentimita 4, na kati ya hizo 2 ziliishia kwenye lipu. Nilimlipa fundi bila kujaribu. Siku ya sita kishikio kiling'oka na kubaki mkononi mwake, akakalia ukingo wa ndoo, nyonga ikavimba wiki tatu. Mfupa ulisalimika, lakini kosa lilikuwa langu: sikukagua.

Kama ukuta ni wa udongo na miti, usifunge chochote juu yake. Simika nguzo ya bomba kwenye shimo la sentimita 60 lililojazwa zege, na ushikize kishikio kwenye nguzo hiyo.

Sakafu ya bafu iwe na mikwaruzo kama ya mteremko, na iteremke kuelekea tundu la maji kwa sentimita 2 kila mita. Weka kiti cha kuogea chenye mikono, na pembeni stuli ya sentimita 50 ya kuwekea ndoo, ili asiinamie kata.

Ukaguzi: mtu mzima wa kilo 80 au zaidi ashike kila kishikio kwa mikono miwili, akunje magoti, uzito wote uning'inie, uhesabu hadi 10. Kitako kisisogee hata unywele. Kisha mzee akae na ainuke kwenye kiti cha choo mara 3.

Hatua ya 8. Panga chumba.

Kitanda: mzee akikalia ukingo, godoro likiwa limebonyea, kimo kiwe sawa na kipimo cha goti. Vitanda vingi vya zamani vya pwani ni virefu. Kata miguu minne kwa kipimo kimoja. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, kisiburuze sakafuni. Karibu na mkono: tochi, maji, simu. Vitu vya kila siku vikae kati ya kiuno na bega.

Ukaguzi: mzee ainuke kitandani bila kuvutwa, akae ukingoni hadi ahesabu 60, ndipo asimame.

Hatua ya 9. Panga jiko na maji.

Simamisha jiko juu ya meza imara ya sentimita 75, uani au mahali penye hewa. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala, hata mkaa ukionekana umezimika. Gesi yake isiyoonekana huua. Dumu la lita 20 lina kilo 20, kwa hiyo msaidizi ajaze ndoo yenye koki mezani, na mzee ateke kwa dumu la lita 5 lililojaa nusu.

Ukaguzi: mzee achemshe chai, kuanzia kuwasha hadi kuzima, wewe ukiwa umekaa na kunyamaza.

Hatua ya 10. Funga kengele na kubalianeni ishara ya asubuhi.

Pitisha kamba ya nailoni kutoka chooni na kutoka chumbani hadi kengele iliyotundikwa katika chumba cha msaidizi. Kila kamba iwe na mafundo mawili makubwa: moja sentimita 90 kutoka sakafuni, na moja sentimita 10 tu. Katika nyumba za wazee za Uingereza kamba nyekundu ya kuita msaada hushuka hivyohivyo, na sababu ni moja: aliyeanguka hawezi kufikia juu. Mkanye kila mtu asiifunge kamba juu wakati wa kufagia.

Ishara ya asubuhi ni kitu ambacho mzee anakifanya mwenyewe kila siku kuonyesha ameamka salama. Mama mkubwa anaanika khanga kwenye kamba ya ua kabla ya saa 1 asubuhi. Msaidizi akiiona, haingii. Isipokuwepo ifikapo saa 1:30, afuate mpangilio huu: abishe hodi mara tatu, aite kwa sauti, apige simu, kisha afungue kwa ufunguo wa akiba. Ufunguo huo ukae ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, na bahasha ikifunguliwa, sababu iandikwe katika daftari.

Ukaguzi: mzee alale chini chooni, kwenye mkeka, avute fundo la chini. Msaidizi afike ndani ya dakika 2.

Hatua ya 11. Panga dawa na fedha.

Nunua kisanduku cha dawa chenye vyumba 7. Mzee akijaze mwenyewe kila Jumapili, msaidizi akisoma orodha ya zahanati kwa sauti.

Fedha ni za mzee. Namba ya siri ya simu asipewe mtu. Akimtuma msaidizi dukani, ampe taslimu, na risiti au bei iandikwe. Kama yuko Unguja au Pemba na ana miaka 70 au zaidi, hakikisha ameandikishwa Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016. Kama yuko Kenya na umri ni huohuo, ulizia mpango wa Inua Jamii. Kwa Tanzania Bara, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii utaratibu wa matibabu ya bure kwa wazee wasio na uwezo.

Ukaguzi: hesabu fedha na mzee mwishoni mwa wiki ya kwanza. Tofauti isiyoelezeka ikizidi shilingi 1,000, badilisha utaratibu, na kama ni lazima badilisha msaidizi.

Hatua ya 12. Kabidhi ufunguo, kisha rudia vipimo.

Mpe mzee ufunguo wa mlango mkononi mwake, mbele ya msaidizi. Usiku wa kwanza ndugu wasilale chumbani humo. Msaidizi alale kwake, kengele ikiwa juu ya kichwa chake.

Siku ya 30 rudia Hatua ya 2 na ya 3 bila kutazama majibu ya zamani, ndipo ulinganishe. Herufi iliyopanda kutoka S hadi P inaondoa msaada huo siku hiyohiyo. Herufi iliyoshuka inaongeza msaada katika kazi hiyo tu, si katika kazi zote. Sekunde zikiongezeka kwa 3 au zaidi, rudi zahanati kabla ya kubadilisha kitu chochote nyumbani. Jaribu vishikio tena kwa uzito wa mtu mzima, kaza nati, badilisha mpira wa mkongojo uliolika.

Baada ya hapo rudia kila miezi 3, na pia ndani ya saa 24 baada ya kuanguka kokote, hata kama mzee anasema hakuumia. Andika tarehe ya ukaguzi ujao kwenye jalada la daftari.